Kwa nini urais utangaziwe Ilongero?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Wengi wetu tunaoishi mijini tunaijua Singida kwa tumbo. Tunaijua kwa mafuta ya alizeti yanayopangwa kwenye chupa kando ya barabara kuu, na kwa kuku wa kienyeji wanaofika Dar es Salaam ndani ya matenga, wamechoka kwa safari ya karibu kilomita 700. Ilongero hatuijui. Basi la Mwanza halipiti huko. Anayetaka kufika hushuka Singida mjini, akashika njia ya kaskazini, ile iendayo Mtinko na kuendelea mpaka Haydom. Ni nchi ya mawe makubwa, ya mtama, uwele, alizeti na vitunguu, yenye msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mvua hiyo ikikosea, hakuna ya pili ya kusahihisha.

Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2014 jina la Ilongero lilitokea magazetini. Ndugu Lazaro Nyalandu, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Maliasili na Utalii na Mbunge wa Singida Kaskazini, alisimama mbele ya wananchi wa hapo akatangaza nia ya kugombea urais wa Jamhuri ya Muungano katika uchaguzi wa mwaka 2015.

Leo napenda tulitazame jambo hilo kwa utulivu, maana joto la uchaguzi ule limekwisha poa. Kwa nini mtu anayeitaka Ikulu aanzie Ilongero? Wizara yake ilikuwa na ofisi Dar es Salaam. Waandishi wa habari walikuwa Dar es Salaam. Wenye fedha za kuchangia kampeni hawakuwa Ilongero. Na wale ambao wangepiga kura ya kumpitisha au kumwacha, kama tutakavyoona, walikuwa watu wa vikao vya Dodoma. Kwa nini basi awaeleze kwanza wakulima wa vitunguu?

Jibu la haraka ni la wahenga: mcheza kwao hutunzwa. Lakini tusiishie hapo, kwa sababu methali hiyo inatueleza anachopata mchezaji tu. Haituelezi wanachopata watazamaji.

Tuanze na mtu mwenyewe. Ndugu Nyalandu alizaliwa mkoani Singida mwaka 1970. Mtoto wa mwaka huo alifikia umri wa kwenda shule wakati ule ule serikali ilipotangaza elimu ya msingi kwa wote, mwaka 1977. Darasa la kwanza lilifunguka kwa watoto wengi wa vijijini ambao kaka zao hawakulipata. Lakini mlango wa sekondari ulibaki mwembamba mno, na wa chuo mwembamba zaidi. Yeye aliipita milango hiyo na kufika mbali: alisoma Chuo cha Wartburg, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, chuo cha Walutheri. Msikilizaji asiyeijua Singida anaweza kuona Iowa ni mbali sana na Ilongero. Lakini Walutheri wa Marekani walifanya kazi ya misheni katika mkoa ule tangu enzi za ukoloni, wakajenga makanisa, shule na hospitali. Katika sehemu hizo jina la Marekani lilifika kabla ya lami.

Mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 30, alichaguliwa kuwa Mbunge wa Singida Kaskazini kwa tiketi ya CCM. Akarudishwa mwaka 2005, na tena mwaka 2010. Alikuwa naibu waziri, kisha Januari 2014 akapewa wizara kamili ya Maliasili na Utalii, baada ya Balozi Khamis Kagasheki kujiuzulu kutokana na vilio vya wananchi juu ya Operesheni Tokomeza. Kwa hiyo aliyesimama Ilongero mwishoni mwa mwaka ule alikuwa na miaka 44, vipindi karibu vitatu vya ubunge mgongoni, na mwaka mmoja wa uwaziri.

Sasa tuzitazame sababu. Sisemi sababu zake peke yake, bali zile ambazo mgombea yeyote atokaye shamba huzitoa anapoomba uongozi wa dola. Ukizisikiliza vizuri ni tatu.

Ya kwanza husema: naijua shida kwa sababu nimeishi ndani yake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nimechunga ng'ombe, nimelala njaa mwaka wa ukame, nimetembea bila viatu kwenda shule. Sababu hii ina nguvu, na sisi wa mijini tusiicheke. Aliyeona mama yake akingoja mvua hadi Januari haitaji kusomewa taarifa ya kitaalamu ili ajue ghala tupu ni nini.

Ya pili husema: ni zamu yetu. Zamu ya vijana, au zamu ya kanda ambayo haijatoa rais. Mwaka 2014 na 2015 hoja ya kizazi kipya ilivuma sana, na wagombea waliokuwa na miaka arobaini na kitu waliibeba waziwazi. Katiba inataka mgombea urais awe ametimiza miaka 40, kwa hiyo hao walikuwa wamevuka kizingiti kwa hatua chache tu.

Ya tatu husema: nimekwisha jaribiwa. Mlinikopesha ubunge nikaurudisha na faida, sasa nikopesheni zaidi.

Sababu zote tatu zinahitaji shahidi. Ndiyo maana mgombea huenda kwao. Dar es Salaam anaweza kusema alichunga ng'ombe na hakuna wa kumbishia. Kijijini yuko mzee aliyemwona akichunga, na yuko mwingine anayekumbuka ng'ombe walioingia katika shamba la mtama. Mgombea anaposimama mbele ya watu hao anaiambia nchi nzima: njooni mniulizie hapa. Kijiji kinakuwa mdhamini wake.

Na hili si la Singida peke yake. Mwalimu Nyerere hatutenganishi na Butiama, wala Mzee Mkapa na Lupaso, wala Kikwete na Msoga, Magufuli na Chato, Samia na Kizimkazi. Mwaka 2015 Bernard Membe alikwenda Lindi kutangaza nia yake, na Edward Lowassa akatangaza Arusha, mjini, lakini jirani na Monduli kwao. Rais wa nchi hii huchaguliwa na taifa, lakini anatakiwa awe na kijiji.

Hapa ndipo ninapoomba tutofautishe mambo mawili. Kudhamini ni jambo moja, na kuteua ni jingine. Ilongero iliweza kumdhamini mwanawe. Kumteua haikuweza.

Katiba yetu, katika ibara ya 39, inataka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe na miaka 40, awe na sifa za kuwa mbunge, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama hicho. Neno zito ni hilo la mwisho. Mwaka 2015 mwana CCM aliyetaka urais alichukua fomu kwa shilingi milioni moja, akazunguka kutafuta wadhamini 450 katika mikoa 15, mitatu ikiwa ya Zanzibar. Waliochukua fomu walikuwa 42, na waliorudisha ni 38. Kisha milango ikafungwa. Kamati Kuu ikakaa Dodoma mwezi Julai, ikawachuja wote hao wakabaki watano. Halmashauri Kuu ikabakiza watatu. Mkutano Mkuu ukamchagua mmoja, Dakta John Magufuli.

Ndugu Nyalandu hakuwamo katika watano wale. Na liko jambo la kuangaliwa: Magufuli, aliyepita, hakuitisha mkutano wowote wa kutangaza nia. Hakusimama Chato wala kwingineko kueleza utoto wake. Alikwenda Dodoma, akachukua fomu, akaondoka. Habari za kijiji chake na maisha yake tulizisikia baadaye, alipokwisha kuteuliwa. Kwa hiyo mkutano wa nyumbani si ngazi ya kupandia. Ukitaka kujua nani atapita, usihesabu watu uwanjani Ilongero wala Arusha.

Pengine msikilizaji atauliza: je, ilikuwa hivyo siku zote? Hebu turudi nyuma. Mwaka 1965, tulipoingia katika chama kimoja, wananchi wa kila jimbo waliletewa wagombea wawili wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Mkutano wa chama wa wilaya ulipiga kura za maoni juu ya walioomba, ingawa neno la mwisho lilikuwa la Halmashauri Kuu ya Taifa. Wagombea walizungushwa pamoja katika mikutano iliyoandaliwa na chama. Walitakiwa kusema Kiswahili, na walikatazwa kutumia kabila, dini au rangi. Maana yake ni kwamba hoja ya "mimi ni wa hapa" ilifungwa mdomo kwa makusudi. Na bado wanakijiji walifanya kazi yao. Mwaka ule walimwangusha hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, katika jimbo la kwao huko Mwanza. Kwao hakutunzwa.

Hiyo ilikuwa kura ya ubunge. Kwa urais, jina lilikuwa moja tu, la kukubali au kukataa.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, wengi walidhani mlango umefunguka. Ulifunguka kwa vyama. Kwa mtu asiye na chama ulibaki umefungwa. Mchungaji Christopher Mtikila aliupigania mlango huo mahakamani kwa karibu miaka 20. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba mwaka ule ule. Akarudi, Mahakama Kuu ikampa haki tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema jambo hilo ni la kisiasa na kulimaliza ni kazi ya Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Hata hivyo, tulipokwenda kwenye uchaguzi wa mwaka 2025 mgombea binafsi alikuwa bado hajaruhusiwa.

Tuwe waadilifu. Wanaotetea utaratibu huu wana hoja, tena si ya kupuuzwa. Wanasema chama kinamlazimisha mtu wa Singida akubalike Pemba na Mtwara, na kwamba tukiruhusu kila kijiji kisimamishe mtoto wake tutaishia kuhesabiana makabila. Wanaopinga wanajibu kwamba raia hazaliwi na kadi ya chama. Mimi siamui ugomvi huo leo. Ninachosema ni kwamba mwananchi wa Ilongero ajue ufunguo uko kwa nani, ili asije akapiga vigelegele akidhani anafungua mlango.

Na ufunguo huo huo ndio unaofunga mlango wa kutokea. Mwaka 2015, baada ya kukosa urais, Ndugu Nyalandu alirudishwa bungeni na Singida Kaskazini kwa mara ya nne. Oktoba 2017 akajiuzulu uanachama wa CCM akahamia CHADEMA. Kwa Katiba yetu, mbunge anayeacha chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti chake. Waliompa kura mwaka 2015 hawakuulizwa kama wanamtaka bado. Uchaguzi mdogo ukafanyika Januari 2018, CHADEMA ikaususia, na Ndugu Justin Monko wa CCM akawa mbunge. Mtu aliyeombewa urais Ilongero mwaka 2014 alikuwa sasa hana hata ubunge wa Ilongero, na katika yote hayo mkulima hakushika kalamu.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2020 Ndugu Nyalandu aliomba urais tena, safari hii ndani ya CHADEMA. Na nani alikuwa mshindani wake mkubwa? Ndugu Tundu Lissu, mzaliwa wa kijiji cha Mahambe, mkoa huo huo wa Singida. Naye ana habari yake ya shamba na siasa: mwaka 1995, kijana wa miaka 27, aligombea ubunge kwao kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi akashindwa. Akafanya kazi ya uwakili akitetea wananchi katika migogoro ya ardhi na migodi, na mwaka 2010 akapata ubunge wa Singida Mashariki. Septemba 2017 alipigwa risasi Dodoma, akatibiwa nje ya nchi kwa muda mrefu.

Watu wawili wa mkoa mmoja, wote wa kutoka vijijini. Kama kutoka shamba kungetosha kuwa sababu, wajumbe wa Baraza Kuu wangekosa namna ya kuchagua. Walichagua. Lissu alipata kura 405, Nyalandu 36, na mgombea wa tatu kura 1. Lissu akaenda kwenye uchaguzi wa Oktoba 2020, akatangaziwa kura 1,933,271, katika matokeo ambayo chama chake kiliyakataa. Aprili 2021 Nyalandu akatangaza kurudi CCM, katika mkutano mkuu uliomchagua Rais Samia kuwa mwenyekiti wa chama.

Wapo watakaosema huyu alifaa na yule hakufaa. Mimi nalitumia jambo hili kwa somo lake tu. Uvumbi wa mahali ulipozaliwa unaeleza ulikotoka. Hauelezi utasimama wapi siku ya uamuzi mgumu. Watu wawili wanaweza kula ugali wa uwele wa mkoa mmoja, wakaja kutofautiana katika kila jambo la dola.

Basi sisi wasikilizaji tufanye nini siku mgombea mwingine atakaposimama kwao, awe wa Ilongero, wa Namtumbo au wa Kasulu, na kutuambia kwamba yeye ni mtoto wa mkulima?

Tumsikilize kwa heshima. Kisha tuipime ile sababu ya kwanza, ya kuijua shida. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Umaskini wa jana ni kumbukumbu. Tumwulize, tangu alipokwisha kupata cheo, ni uamuzi gani aliufanya ambao uligharimu wakubwa na kumfaidia mtu wa shamba? Bei ya mbegu, ushuru wa mazao barabarani, barabara yenyewe: katika mambo hayo alisimama upande gani?

Tuipime ya pili, ya zamu. Zamu ya nani hasa? Tukikubali kwamba kila mkoa ungoje zamu yake, mkulima wa mkoa wa mwisho atakuwa amekufa kabla zamu haijafika. Serikali njema haingoji rais atoke kwenu. Leo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida yako Ilongero. Zamani mtu wa huko alilazimika kwenda mjini kufuata ofisi za halmashauri yake. Halmashauri nyingi nchini zilihamishiwa katika maeneo yao baada ya agizo la serikali la mwaka 2019, agizo lililotoka kwa rais mzaliwa wa Chato, tena liliwahusu wote. Hiyo ndiyo faida ya kudai utaratibu badala ya kungoja ndugu.

Tuipime na ya tatu, ya kujaribiwa. Hapa kijiji ndicho kinachojua kuliko sisi wote. Lakini ni nani amekwenda kukiuliza? Sisi waandishi tulifika Ilongero siku ya mkutano, tukapiga picha umati, tukanukuu hotuba, tukapanda gari. Hatukubaki siku ya pili kumwuliza mama wa sokoni: mbunge wenu wa miaka 14, mwampa maksi ngapi? Kijiji kilitumika kama shahidi, na shahidi hakuhojiwa. Lawama hiyo ni yetu sisi wa kalamu na kipaza sauti, na naichukua sehemu yangu.

Mtoto wa shamba kuomba dola si kosa, ndugu wasikilizaji. Ni jambo la kujivunia katika nchi ambayo zamani uongozi ulikuwa wa gavana aliyeletwa kwa meli. Lakini anayechukua jina la kijiji kwenda nalo mjini amechukua mkopo. Na mkopo, kama wajuavyo wakulima wa Ilongero waliowahi kukopeshwa mbegu, haulipwi kwa hotuba. Hulipwa kwa mavuno.